Kodi, Kuandika na Kutoza: Juu ya Maneno ya Kuchukua Mali na Kuchukua Watu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno machache ambayo kwayo Kiswahili cha Mombasa, hasa cha upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, hutaja mambo mawili yanayofanywa na kila dola: kuchukua sehemu ya mali ya raia, na kuwachukua raia wenyewe kwa kazi au kwa vita. Waingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, levy, walilolipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kitenzi cha kuinua. Mwenye dola huinua fedha, kisha huinua jeshi. Mfasiri wa Kiswahili akikutana na neno hilo katika vitabu vya historia ya Afrika ya Mashariki hulazimika kuchagua, na kwa kawaida huchagua kodi penye fedha, na kuandika au kuajiri penye watu. Tafsiri za namna hiyo nimezisoma mara nyingi katika kazi za wanafunzi, nami sioni kosa la sarufi ndani yake. Linalonishughulisha ni maana. Nitajaribu kuonyesha kwamba kodi na kuandika ni maneno ya mapatano, na kwamba dola iliyatwaa yote mawili ikayatia kazi ya shuruti bila ya kuyabadilisha sura.

Neno ushuru halitatuchelewesha. Asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na hesabu ya sehemu moja katika kumi. Hata hivyo, mkataba ambao Sayyid Said alifanya na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa bidhaa zinazoteremshwa kuwa tano katika mia, yaani nusu ya kile ambacho neno lenyewe ladai. Hapana aliyeona ajabu, kwa kuwa neno likishazoeleka sokoni na bandarini husahau hesabu yake. Tangu zamani ushuru ni mali ya forodha na soko. Hutozwa bidhaa, hautozwi kichwa cha mtu. Kwa hiyo utawala wa Kiingereza ulipotaka jina la malipo ya kila mwenye nyumba, haukuchukua ushuru. Ulichukua kodi.

Hapa ndipo penye jambo. Mtu wa Kisauni akisema leo, "Mwezi huu sijalipa kodi ya nyumba," hapana atakayefikiri kwamba anadaiwa na serikali. Anadaiwa na mwenye nyumba. Lakini maneno hayo hayo matatu, kodi ya nyumba, ndiyo yaliyokuwa jina la malipo yaliyowekwa na serikali ya kikoloni kwa kanuni za mwaka 1901, ambayo mwaka 1910 yaliongezewa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba za kutozwa. Maana mbili zimekaa katika jina moja, na yafaa kuuliza ipi ni ya msingi.

Ushahidi wa kutegemewa zaidi hauko katika kamusi bali katika kitenzi. Kiswahili kina kukodi, na mnyambuliko wake kukodisha. Mtu hukodi nyumba, hukodi mashua, hukodi shamba; mwenye kitu hukikodisha. Katika matumizi yote haya pana watu wawili, pana kitu cha mmoja wao, na pana maafikiano juu ya bei na muda. Ukomo ukifika, kitu hurudi kwa mwenyewe. Sasa jaribu kukitumia kitenzi hicho kwa serikali. "Serikali imenikodi" yaweza kumaanisha kwamba imenichukua kwa ujira, "serikali imenikodisha" kwamba imenipa kitu chake kwa malipo. Hakuna hata moja inayoweza kumaanisha kwamba imenidai kodi ya mapato. Ili kusema hivyo hatuna budi kukiacha kitenzi cha kodi na kuazima kingine: serikali hutoza kodi. Nomino imehamia upande wa dola, kitenzi kimebaki kwa mpangaji na mpangishaji. Mimi nakichukulia kitenzi kuwa shahidi mkweli zaidi, kwa kuwa nomino hubandikwa juu ya sheria kwa amri, lakini kitenzi hakinyambuliki kwa amri.

Maana hii ya mapatano ikishakubaliwa, kodi ya nyumba ya mwaka 1901 yaonekana kwa sura nyingine. Mtu wa kijiji cha Likoni alikata miti mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe, akaezeka makuti na jamaa zake, kisha akaambiwa alipe kodi ya nyumba. Kwa sikio la Kiswahili, anayelipa kodi ya nyumba ni mpangaji. Jina la malipo lilikuwa limekwisha kutamka, kabla ya ofisa yeyote kufungua kinywa, kwamba nyumba ina mwenyewe mwingine.

Kinyume cha mambo ni kwamba serikali yenyewe ilikuwa mpangaji. Kwa mapatano ya mwaka 1895, Uingereza iliutawala ukanda wa pwani wa maili kumi kwa niaba ya Sultani wa Unguja na kumlipa pauni 11,000 kila mwaka, na hali hiyo ya kisheria haikufutwa mpaka mapatano ya Oktoba 1963. Likoni, Kisauni na Changamwe zote zimo katika ukanda huo. Malipo yale ya pauni 11,000 yalikuwa na sifa zote tulizozitaja: watu wawili, kitu cha mmoja wao, bei na maafikiano. Yalistahili kuitwa kodi kuliko rupia alizotoa mwenye kibanda.

Wala jambo hili si la kale tu. Katika vijiji vingi vya bara ya Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye hati, na hati nyingi zina mizizi yake katika sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi za pwani. Mahakamani neno kodi lina uzito wa pekee. Sheria ya Kenya humruhusu aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila ya idhini, kudai iwe yake. Lakini akithibitika kuwa alikuwa akilipa kodi, basi alikaa kwa idhini, na dai lake huanguka. Maskwota na mawakili wao wanalijua hili vyema. Kulipa kodi ni kukiri. Maana ya mapatano, ambayo serikali iliipuuza ilipolichukua neno, ingali hai kiasi cha kumpotezea mtu uwanja.

Tugeukie watu. Kitenzi kuandika hakikuanza na kalamu. Wazee na waandishi wa zamani husema kuandika meza, maana yake kupanga vyombo na chakula juu yake, na maana hii ya kupanga yaonekana ndiyo iliyozaa ile ya kupanga herufi, kisha ya kutia majina katika orodha. Katika biashara ya misafara, mwenye mali aliandika wapagazi: mpagazi alikubali ujira, akapokea sehemu yake mbele, akajua posho yake na mwisho wa safari yake. Mombasa hadi leo mtu "huandikwa kazi" bandarini Kilindini au katika viwanda vya Changamwe, na anayesema hivyo husema kwa furaha. Kwa jumla karatasi imezaa maneno mengi ya kazi kwetu: kibarua ni barua ndogo kabla ya kuwa mtu, na kipande kilikuwa kipande tu kabla ya sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita, kukigeuza kuwa cheti cha kuvaliwa shingoni. Wakenya wengi wangali wanakiita kitambulisho chao kipande, wala hawasikii uchungu wake.

Vita vya 1914 ndivyo vilivyokiharibu kitenzi kuandika. Mwanzoni wapagazi wa jeshi waliandikwa kwa maana ya zamani. Lakini sheria ya mwaka 1915 ya kuwapata wafuasi wa jeshi iliruhusu shuruti, na mwaka 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi ya kupata watu, machifu na wazee wa mitaa walidaiwa idadi, na vijana wakakamatwa ili idadi itimie. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile walizidi 95,000, wengi kwa maradhi na lishe mbaya kuliko kwa risasi. Majina yao yalitiwa daftarini, hivyo ni kweli kwamba "waliandikwa." Kilichoondoka ni kukubali, na kitenzi hakina kiungo cha kuonyesha kwamba kimeondoka.

Waliochukuliwa hawakutosheka na kitenzi hicho. Walijipatia neno lao, kariakoo. Asili yake ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi, na yafaa kutazama jinsi sikio lilivyofanya kazi. Matamshi ya Kiingereza cha kusini mwa Uingereza hayana r mwishoni mwa maneno yote mawili, wala p na s za neno la pili hazitamkwi. Aliyesikia bila ya kusoma alisikia karia-koo, akaandika alichosikia. Jina la mtaa wa Nairobi, Kariokor, limerudishiwa r na mtu aliyeyaona maandishi. La Dar es Salaam, mji ulioingiwa na Waingereza Septemba 1916, limebaki kama lilivyosikika. Kwa kanuni za fonolojia, Kariakoo ndilo ushahidi bora. Lakini nalo limeponyoka: leo ni jina la soko, na wachache wanaonunua nguo huko wanajua kwamba wanataja kikosi.

Limebaki nini la kumsaidia mfasiri? Lipo shokoa, kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira, neno zuri linalopungua midomoni. Lakini halifai kwa fedha, na mpagazi wa vita aliahidiwa ujira ingawa wengi hawakuupata. Mimi napendekeza turudi kwenye kitenzi ambacho kodi yenyewe ililazimika kukiazima: kutoza. Umbo lake li wazi. Toa huzaa toza kama jaa izaavyo jaza na lia izaavyo liza. Ni kumfanya mtu atoe. Shuruti imo ndani ya mnyambuliko, haihitaji kuongezwa kwa kielezi. Tena kitenzi hiki hubeba shamirisho mbili, mtu anayelazimishwa na kitu kinachotoka mikononi mwake: hakimu alimtoza mshtakiwa shilingi mia.

Shamirisho hizo mbili ndizo zenye faida kwa mwanahistoria. Tukisema "vijana waliandikwa," vijana wasimama kama watu waliofika kwenye meza. Tukisema "mzee wa mtaa alitozwa vijana ishirini," sarufi yatuambia mambo matatu kwa pamoja: kwamba palikuwa na shuruti, kwamba aliyeshurutishwa kwanza alikuwa mzee, na kwamba vijana wamekaa mahali ambapo kwa desturi hukaa shilingi. Baadhi ya wenzangu wamesema kwamba kumtoza mtu watu hakuzoeleki. Hakuzoeleki kweli. Lakini kutoza kodi nako, kwa mtu aliyelijua neno kodi kwa nyumba ya kupanga, hakukuwa kumezoeleka.

Mfano ulio karibu na Mombasa ni wa Wagiriama. Baada ya Kaya Fungo kubomolewa kwa baruti Agosti 1914, na mapigano yaliyofuata, utawala uliwawekea masharti ya amani. Kwa kodi na kuandika masharti hayo yahitaji sentensi mbili, nazo zote zitadanganya, kwa kuwa zile rupia hazikuwa kodi ya kitu chochote na wale watu hawakuandikwa kwa hiari. Kwa kutoza, sentensi moja yatosha: Wagiriama walitozwa rupia laki moja na watu elfu moja.