Kibali cha Maji Kilalacho Sandukuni

Huenda msomaji wa Kibirizi akastaajabu kuona twazungumza habari za vibali vya maji. Ziwa li mbele ya mlango wake, na kina chake chapata mita 1,470. Akina mama huchota kwa ndoo, wala hakuna awaulizaye karatasi. Na ndivyo ipasavyo, kwani Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haimdai kibali mtu achotaye maji ya nyumbani.

Lakini nchi si ziwa tupu. Tazama Mto Luiche, uingiao ziwani kusini ya Ujiji, au Malagarasi na vijito vyake. Huko maji hugawanywa kwa daftari. Mwenye kuchepusha mto anyweshe shamba, au kujenga bwawa, hana budi kuomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yapo papa hapa Kigoma. Apewapo, hakupewa mto. Maji ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake.

Basi itakuwaje mtu akikifungia kibali sandukuni miaka na miaka asiteke hata debe moja? Maji yale yamekwisha andikwa kwa jina lake. Akija mkulima mwingine, huambiwa mto umekwisha, naye arudipo kwake auona wapita tele! Daftari na mto ni vitu viwili. Huko Usangu haki zilizoandikwa zilipata kuzidi maji yaliyokuwamo mitoni wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo twaunga mkono kanuni ya kufuta kibali kisichotumika. Jirani zetu wa Kenya wanayo katika sheria yao, na California huhesabu miaka mitano. Hata hivyo, huko magharibi ya Marekani kanuni hiyo imezaa ubaya wake: mkulima aogopaye kunyang'anywa huyamwaga maji shambani asipoyahitaji, ili tu aonekane ameyatumia. Sisi hatutaki hayo. Aliyeziba mfereji wake uliokuwa ukivuja, akatumia nusu ya maji ya zamani, asihesabiwe pamoja na mvivu.

Wala asifutiwe mtu kwa siri. Apelekewe notisi kwa Kiswahili, ibandikwe na ofisini kwa kijiji, apewe muda wa kutosha wa kujieleza, na akikataliwa awe na mahali pa kukata rufani. Ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020 maji yaliingia katika majengo mengi ya pwani yetu. Ambaye pampu yake ilizama hawezi kuitwa mzembe. Mwenye kutumia sehemu tu apunguziwe iliyobaki, asinyang'anywe yote. Na maji yaliyorudishwa yasikimbiliwe mara moja na mwombaji mwenye sauti kubwa: sheria yenyewe hutanguliza watu wa majumbani na uhai wa mto.

Liko neno moja tunaloliogopa zaidi. Mwenye kibali hulipa ada kila mwaka, na tajiri aweza kulipa miaka kumi bila kuchimba mfereji, akingoja ardhi ipande bei. Atakuja na stakabadhi zake mkononi, aseme ati hana kosa. Twataka kanuni iandike waziwazi kwamba ada si matumizi, na afisa aende akautazame mfereji kwa macho yake kabla ya kuzipokea stakabadhi hizo kuwa ushahidi.