Anzia Chini: Jinsi ya Kuisikiliza Bendi ya Count Basie

Msikilizaji mgeni wa bendi kubwa ya jazi hukimbilia juu, kwenye mngurumo wa tarumbeta, tromboni na saksafoni, na baada ya nyimbo tatu masikio yamechoka. Naamini ni heri aanzie chini, kwenye mdundo. Katika bendi ya Count Basie, iliyotoka Kansas City na kuvuma New York mwishoni mwa miaka ya 1930, waliobeba muziki ni wanne wasiopuliza chochote: Basie kwenye piano, Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye dramu na Freddie Green kwenye gitaa. Jones aliliondolea dramu la mguu kazi ya kutwanga kila pigo, akayahamishia mapigo kwenye matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Mdundo ukawa mwepesi. Green alichapa nyuzi pigo baada ya pigo, kwa gitaa lisilo la umeme, bila kudai nafasi ya kujionyesha peke yake. Alijiunga mwaka 1937 na, ukiacha mapumziko mafupi, alikaa humo hadi kifo chake mwaka 1987. Wapulizaji walikuja na kuondoka.

Chukua “One O'Clock Jump” ya mwaka 1937, bluzi inayojirudia. Piano inatangulia, wapulizaji wanapokezana mmoja mmoja, kisha kila safu inashika kifungu chake kifupi na kukirudiarudia huku safu nyingine ikijibu. Aliyekwisha kuushika mdundo wa chini husikia majibizano. Asiyeushika husikia kelele.

Wapo wanaodai kwamba bendi kubwa ziliua uhuru wa jazi kwa kuwafunga wanamuziki kwenye muziki ulioandikwa karatasini. Kwa baadhi ya bendi dai hilo ni la haki. Lakini vibao vingi vya Basie vilipangwa kwa sikio mazoezini, na Lester Young alithubutu kuchelewesha au kuvuta sauti ya saksafoni yake kwa sababu mapigo ya chini hayakuyumba. Wengine husema jazi ni muziki wa kigeni kwetu. Ni kweli kwamba bendi ya Nuta Jazz ya Dar es Salaam, licha ya jina lake, ilipiga zaidi rumba; hata hivyo, shabiki wake aliyezoea kufuata magitaa huku tarumbeta zikiitikia tayari anajua aanzie wapi.