Tundu moja la chaja: mtaji wa nani utalala rafuni?

Rafu ya duka la vifaa vya simu katika kituo cha biashara kama Songambele, wilayani Kyerwa, ni daftari la historia ya simu nchini. Juu zinaning'inia chaja za pini ndogo za Nokia za zamani. Chini yake kuna nyaya za USB ndogo, ile inayoitwa maikro, kwa ajili ya vitochi na simu janja za miaka iliyopita. Kisha zinafuata nyaya za iPhone na za USB-C, na pembeni chaja mbili tatu za kompyuta mpakato zenye vumbi. Kila aina ni fedha iliyokwisha lipwa kwa muuzaji wa jumla na bado haijarudi.

Rafu hiyo sasa inahitaji kuangaliwa upya kutokana na uamuzi uliofanyika mbali. Tarehe 23 Novemba 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 2022/2380, linalotaka simu, tableti, kamera, spika ndogo na vifaa vingine vya mkononi vinavyochajiwa kwa waya viwe na tundu la USB-C. Agizo lilianza kutumika 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato zikawekewa tarehe 28 Aprili 2026. Saudi Arabia nayo iliweka tarehe zake: 1 Januari 2025 kwa simu na 1 Aprili 2026 kwa kompyuta mpakato.

Sheria hizo hazina nguvu Kyerwa. Hata hivyo, kiwanda hakipendi kutengeneza simu moja kwa ajili ya Ulaya na nyingine kwa ajili ya Afrika. Apple, iliyoshikilia tundu lake la Lightning tangu mwaka 2012, ilihamia USB-C kwa iPhone 15 mwezi Septemba 2023, na ilifanya hivyo kwa dunia nzima.

Jaribio la awali lilikuwa la hiari. Mwaka 2009 makampuni 10 yalitia saini makubaliano barani Ulaya ya kutumia USB ndogo. Aina za chaja, zilizokuwa zikikadiriwa kufikia 30, zilipungua hadi 3. Hizo 3 ndizo zilizobeba fedha nyingi za wenye maduka hadi leo.

Je, mfanyabiashara akimbie kuuza mzigo wa zamani kwa hasara? Hapana, na ipo sababu. Usiku wa kuamkia 17 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia, aliyekuwa na simu hizo dukani aliamka na bidhaa isiyouzika. Hili la sasa si la aina hiyo. Hakuna anayezima tundu la zamani. Kitochi chenye USB ndogo kitaendelea kuchajiwa mpaka kife, na iPhone zilizotumika, zenye tundu la Lightning, zitazunguka mitaani kwa miaka kadhaa. Mzigo wa zamani unakufa polepole. Kinachotakiwa ni kununua kidogo kidogo na kuacha kujaza rafu kwa sababu tu bei ya jumla imeshuka.

Hesabu iko kwenye mzunguko. Kwa mfano, waya unaoleta faida ya Sh 1,000 na kuuzwa mara 4 kwa mwezi unaingiza Sh 4,000. Waya adimu unaoleta Sh 2,500 lakini ukauzwa mara moja tu kwa mwezi umeachwa nyuma, ingawa mwenye duka huusifia. Tundu moja linapunguza aina za kuweka, na fedha iliyogawanywa vipande sita inaweza kuwekwa kwenye viwili au vitatu.

Lakini upande wa pili wa shilingi haupendezi. Aliyekuwa na pini peke yake sokoni alijipangia bei. Waya wa USB-C utapatikana kwa kila mmoja, kuanzia Kayanga hadi kwa mchuuzi wa barabarani, na faida itabanwa. Kitakachotofautisha duka na duka ni ubora wa waya, na hapo ndipo hatari ilipo.

Nyaya hizi zinafanana kwa macho tu. Waya wa USB-C kwa USB-C wa kawaida unabeba ampea 3, yaani hadi wati 60. Ukitaka ampea 5, kwa wati 100 au 240, lazima waya uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa chake. Mnunuzi hawezi kuiona. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua na kupima nyaya hizo mtandaoni, na Februari 2016 mmoja uliounganishwa vibaya uliiharibu kompyuta yake mwenyewe. Fundi simu wa kijijini hulaumu betri au mfumo wa chaji kabla ya kufikiria waya.

Lipo na tatizo jingine linalorudisha wateja dukani wakiwa wamenuna. Baadhi ya tochi na spika za bei nafuu zina tundu la USB-C, lakini mtengenezaji amebana gharama na kuacha vipande viwili vidogo vya umeme, vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa. Kifaa hicho kinachaji kwa waya wenye upande mmoja wa USB pana ya kawaida, na kinagoma kabisa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Waya ni mzima na chaja ni nzima. Muuzaji asiyelijua hilo atarudisha fedha za watu bure. Mzigo wenyewe ukiwa umetoka Kariakoo, nauli ya kuurudisha inaweza kuzidi bei ya waya.

Kwa hiyo kabla ya msimu wa kahawa, wakati wakulima wanapopata fedha na kubadilisha simu, ni busara kuchukua nyaya chache za aina tofauti, kuzijaribu dukani kwa simu na tochi, ndipo kuagiza dazeni. Aidha, nyaya zenye USB pana upande mmoja zisiachwe haraka, kwani vichwa vingi vya chaja vilivyomo majumbani, pamoja na vifaa vya umeme wa jua, bado vina tundu hilo.

Kuhusu kompyuta mpakato, nyingi zinazofika wilayani ni zilizotumika, na hizo zitakuja na pini zao za zamani muda mrefu baada ya tarehe ya Ulaya kupita. Chaja za pini ziagizwe mteja akishatanguliza fedha. Kichwa kimoja cha USB-C cha wati 65 kinaweza kuhudumia simu na kompyuta ndogo ya ofisi yenye tundu hilo, mradi waya unaouzwa nacho usiwe ule wa simu wa bei ya chini kuliko zote rafuni.