Usiitupe Sahani, Itazame Sindano

Wahenga walinena, mchagua jembe si mkulima. Lakini mwenye santuri asipochagua sindano, huenda akazitupa sauti za wazee akidhani zimeoza.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Sahani za enzi hizo huzunguka mara 78 kwa dakika, na mifereji yake ni mipana. Zile za muda mrefu, zilizotoka Marekani mwaka 1948, zina mifereji myembamba, na ncha ya sindano yake ina nusu kipenyo cha maikroni 18 hadi 25. Sahani ya 78 yataka 75 hivi.

Basi, msomaji, sindano nyembamba ikitiwa katika mfereji mpana huzama hadi chini, penye vumbi na mikwaruzo. Humsikii Siti, wasikia mchanga. Sindano nene hushika kuta za mfereji, ndimo sauti ilimochongwa.

Si lazima kununua mashine mpya. Katriji, kile kidude kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme, mara nyingi hukubali kubadilishwa sindano tu. Badilisha, kisha ndipo uhukumu sahani ya babu.