Gari la Mzee Likirudi Barabarani

Katika maboma mengi ya mpakani, kuanzia Mutukula hadi Busia na Malaba, hukosi kuliona gari kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe. Matairi yake yamelala, kuku wametaga katika kiti cha nyuma, na bati limeanza kutafunwa na kutu. Wenyewe hawakubali kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ndilo lililowapeleka watoto shuleni na wagonjwa hospitalini enzi za mzee. Aghalabu ni Peugeot 504, ambayo watu wa huku huiita Pijo tu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na Pijo nyingine.

Sasa vijana wanazidi kuyafufua magari hayo, si kwa maonyesho bali kwa matumizi ya kila siku: kwenda sokoni, shambani na kazini. Wananchi wametuuliza mara kadhaa kama jambo hilo linaruhusiwa. Linaruhusiwa. Sheria haimkatazi mtu kulitengeneza gari lake nyumbani kwake, na sisi wa dawati la uhusiano wa polisi na jamii tunaiheshimu kazi hiyo. Yapo, hata hivyo, mambo mawili yanayoweza kuigeuza kazi njema kuwa balaa: namba za utambulisho na breki. Tutayazungumza hayo kwa kirefu, na mengine kwa ufupi.

Tumeichagua 504 iwe mfano wetu kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Huku kwetu iliungwa pia nchini Kenya. Sifa yake, pamoja na ile ya kaka yake 404, ilijengwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa 404 mwaka 1966 na 1967, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Gari lililostahimili njia zile si ajabu likastahimili miaka ishirini chini ya mwembe. Hata hivyo, kustahimili si kubaki salama.

Tuanze na namba. Kila gari lina namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma chenyewe, pamoja na kibao kilichopigiliwa kwa ribiti ndani ya chumba cha injini. Injini nayo ina namba yake kwenye bloku. Namba hizo ndizo jina la gari. Bamba la usajili ni nguo tu, linavuliwa na kuvishwa. Kabla hujaondoa hata boliti moja, safisha sehemu hizo kwa brashi laini na mafuta ya taa, soma namba, ulinganishe na kitabu cha usajili, kisha upige picha. Picha ionyeshe namba na sehemu kubwa ya gari inayoizunguka, si tarakimu peke yake.

Mtu anayelitengeneza gari kwa nia njema anaweza kujitia matatani hapa bila kujua. Bati lenye namba likiliwa na kutu, fundi hushika mashine ya kukatia, hulikata na kuchomelea jipya. Au hulipiga msasa mpaka likang'aa, tarakimu zikafifia. Askari anapolikagua gari hilo barabarani hana njia ya kujua kwamba aliyefanya hivyo ni mjukuu anayelienzi gari la babu yake. Anachokiona ni alama ya mashine, mstari wa kuchomelea na rangi mpya mahali pa namba, na hivyo ndivyo magari ya wizi yanavyoonekana. Ikiwa kutu imefika hapo, simamisha kazi, uje kituoni na kitabu chako ukaelekezwe namna ya kuliwasilisha gari kwa mamlaka ya usajili likiwa bado halijaguswa. Kulikagua kabla halijakatwa ni rahisi mno kuliko kulieleza baada ya kukatwa.

Kwa anayenunua badala ya kurithi, kuna kipimo kimoja rahisi. Mfumo wa namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 ulianza kutumika kwa magari ya miaka ya 1980. Magari ya kabla ya hapo yana namba fupi zaidi. Ukionyeshwa gari linalodaiwa kuwa la mwaka 1975 nalo lina namba ya tarakimu 17, kuna aliyelibadilisha kitu. Tena, katika namba hizo 17 hazitumiki kamwe herufi I, O wala Q, kwa kuwa hufanana na moja na sifuri. Ukiiona mojawapo, usitoe fedha.

Tumewahi kulizuia gari moja la aina hii karibu na mpaka. Kijana alikuwa amelitengeneza kwa miaka miwili, kazi safi kabisa, rangi ikimeremeta. Bodi ilikuwa ya marehemu baba yake na kitabu kilikuwa sahihi. Injini, hata hivyo, aliinunua ng'ambo ya mpaka kutoka kwa mtu aliyemfahamu kwa jina la utani tu, bila risiti, ikavushwa usiku kwa njia ya panya juu ya pikipiki. Namba ya injini hiyo ilikuwa ya gari lililoripotiwa kuibwa, na mwenyewe alikuwa bado akilitafuta. Kijana hakuwa mwizi, na hatimaye hilo lilithibitika. Lakini injini ilichukuliwa kuwa kielelezo, kisha ikarudi kwa mwenyewe. Gari la mzee lilirudishwa nyumbani likivutwa kwa kamba, mama yake akilitazama mlangoni. Fedha za injini hazikupatikana tena.

Kwa hiyo, injini au gia boksi iliyotumika inunuliwe kwa mwenye duka linalojulikana, awe Kisekka jijini Kampala au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na risiti itaje namba ya injini, jina la muuzaji na gari ilikotoka. Kabla ya kulipa, omba namba hiyo ihakikiwe kupitia polisi. Orodha ya kimataifa ya magari yaliyoibwa inayotunzwa na Interpol haifunguliwi na raia moja kwa moja, ila ofisi ya Interpol ya kila nchi huitazama kwa niaba yake. Jibu kwamba namba haimo si cheti cha usafi, kwani wizi mwingine hauripotiwi. Hata hivyo ni ushahidi kwamba ulifanya bidii. Injini ikishafungwa, mabadiliko yaandikishwe katika kitabu cha usajili. Wengi huiacha hatua hii wakidhani ni makaratasi tu, mpaka siku ya ajali au ya kuuza gari.

Vipuri navyo vipite forodhani. Wafanyabiashara wadogo wa mpakani wameizoea hati rahisishi ya uasili, lakini hati hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vipuri vingi vya magari haya havikuundwa huku. Uliza kiasi cha kodi kabla ya kununua. Mtu anayefikiri kununua gari zima la zamani ng'ambo akumbuke pia kwamba Uganda tangu mwaka 2018 haipokei magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na Kenya huishia miaka 8. Gari la bomani kwenu, lililosajiliwa zamani, haliguswi na kizuizi hicho. Ndiyo sababu nyingine ya kutowauzia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa tuje kwenye chuma. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi. Isiponata, hapo pana pati badala ya bati. Pati juu ya mlango ni aibu tu. Pati kwenye sakafu, kwenye vizingiti chini ya milango, au mahali zinaposhikiwa springi na shokomzoba ni hatari, maana sehemu hizo ndizo zinazobeba gari. Bati lililooza likatwe na kuchomelewa jingine la unene uleule.

Breki za gari lililokaa miaka mingi zichukuliwe kuwa hazipo, hata kama pedali inaonekana kuitika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Maji hayo hutafuna silinda kwa ndani, na gari likiteremka mlima mrefu huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali, nayo ikashuka hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Mtu aliyewahi kuteremka na shehena ya ndizi kutoka Sebei hahitaji kuelezwa maana yake.

Badilisha mipira yote ya breki hata ile isiyo na ufa, maana huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, gurudumu likabaki limeshikwa. Mabomba ya chuma yaliyoota kutu nayo yabadilishwe. Silinda kuu ifunguliwe na kuwekwa raba mpya, au inunuliwe nyingine. Kisha jaza mafuta mapya kutoka chupa iliyofungwa, toa hewa yote, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Kipimo cha nyumbani ni hiki: kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa dakika moja. Ikishuka polepole huku hakuna mafuta yanayovuja nje, silinda kuu inavuja kwa ndani. Jaribio la kwanza lifanyike katika uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, si barabara kuu siku ya soko.

Vumbi lililomo ndani ya breki na klachi za zamani lina madhara. Bitana za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, nayo husababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Usilipulize kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo, kama tunavyoona mafundi wakifanya kila siku. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukifunge katika mfuko na kukitupa mbali na watoto.

Tairi hudanganya kuliko sehemu nyingine yoyote. Linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limekufa. Tazama ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na kazi iliyolifaa ni bembea ya watoto. Lililopita miaka 10 livuliwe.

Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Gari lisiegemee jeki peke yake wala matofali. Tofali hupasuka ghafla, na aliye chini hana nafasi ya kutoka. Mipira ya petroli ibadilishwe yote, na fyuzi zisibadilishwe kwa vipande vya waya.

Wenye 504 wengi wanalalamikia joto. Mara nyingi rejeta haina kosa. Feni ya gari hili ilibuniwa ijizungushe pale tu maji yanapopata moto, kwa kushikwa na sumaku ya umeme. Waya wake au kaboni yake ikichoka, feni hukaa kimya huku gari likichemka. Mafundi wengi huifunga moja kwa moja izunguke wakati wote. Inakula petroli kidogo zaidi, lakini kwa safari za jua la Tororo hatuwezi kuwalaumu.

Mikanda ya usalama ifungwe kwa kila kiti, na boliti zake zishike mahali palipoimarishwa na kiwanda, si kwenye bati jembamba la sakafu. Siku ya ajali bati hilo hung'oka pamoja na mkanda. Familia zilizozoea kujaza watu kumi katika gari la mzee zihesabu viti upya.

Gari likiwa tayari, lipelekwe kukaguliwa kabla ya kuanza kazi, na likatiwe bima ya mtu wa tatu, ambayo nchini Uganda ni ya lazima kwa sheria ya mwaka 1989. Bima hiyo huishia mpakani. Anayevuka kwenda Kenya, Tanzania, Rwanda au Burundi achukue Kadi ya Njano ya COMESA kutoka kwa kampuni yake ya bima. Tanzania huikubali ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo hufidia madhara kwa watu wengine, haitengenezi gari lako. Kitabu cha usajili halisi, risiti ya injini na zile picha za namba vikae katika bahasha moja ndani ya gari, na nakala zake zibaki nyumbani.