Kamba, umeme au kisanduku: Stata ipi yafaa gari la nitro?

MAGARI madogo yanayoongozwa kwa redio na kutumia mafuta ya nitro yana mvuto wake. Kinyume na yale ya betri, haya yana injini halisi yenye pistoni, kabureta na ekzosi, nayo hunguruma na kutoa moshi mithili ya pikipiki. Hata hivyo, mvuto huo ndio chanzo cha adha yake kubwa. Gari la betri huwashwa kwa kubonyeza swichi, ilhali la nitro sharti injini yake izungushwe kwanza ndipo ishike moto.

Anayenunua gari la aina hii, au kuletewa na jamaa aliye ng'ambo, aghalabu hutazama kasi na umbo lake akasahau kuuliza huwashwaje. Jibu la swali hilo ndilo huamua iwapo atalifurahia au litawekwa kabatini baada ya wiki mbili.

Ni vyema kwanza kuelewa jinsi injini hii inavyofanya kazi. Haitumii cheche kama injini ya petroli. Ina plagi ya joto, ambayo Mmarekani Ray Arden aliiingiza sokoni mwaka wa 1947. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa, wenye madini ya platinamu. Wakati wa kuwasha, waya huo hupashwa moto kwa betri ndogo ya takriban volti 1.5. Injini ikishanguruma betri huondolewa, na waya huendelea kuwaka kutokana na joto la mwako na kwa kuwa platinamu huchochea methanoli iliyo katika mafuta iungue.

Kwa hivyo, mambo mawili yanahitajika: plagi iwe na moto, na injini izungushwe kwa nguvu ya kutosha. Hili la pili ndilo kazi ya stata, nalo si jepesi. Silinda za injini nyingi za nitro zimesanifiwa ziwe nyembamba kidogo upande wa juu ili pistoni ibane barabara. Zikipata joto hupanuka na mbano huo ukapungua. Injini ikiwa baridi, na hasa ikiwa mpya, pistoni hukwama pale juu.

Stata ya kwanza ni ya kamba, ambayo kila mwenye jenereta ndogo anaifahamu. Uzuri wake ni kwamba haihitaji betri ya kuzungusha injini, ni ya bei nafuu, na husafiri na gari popote. Gari likizima katikati ya uwanja, mwenyewe huliwasha papo hapo mradi amebeba kifaa cha kupasha plagi moto.

Udhaifu wake u katika mikono ya mtumiaji. Kamba haifai kuvutwa hadi mwisho wake. Huvutwa kwa mikupuo mifupi na ya haraka. Ikigoma, isilazimishwe. Mara nyingi maana yake ni kwamba mafuta yamejaa ndani ya silinda, na kimiminika hakishindiliki kama hewa. Anayevuta kwa nguvu hukata kamba, huharibu beringi inayozunguka upande mmoja, au hata hupinda mkono wa pistoni. Dawa ni kuifungua plagi, kuligeuza gari juu chini, kuvuta kamba mara kadhaa ili mafuta yamwagike, kisha kuirejesha plagi mahali pake.

Ya pili ni stata ya umeme. Kampuni ya Traxxas ya Marekani iliifanya ijulikane sana kupitia gari lake la T-Maxx, lililoanza kuuzwa mwaka wa 1999. Katika mfumo huo, mota ndogo na giya zake hufungwa kwenye injini. Mwenye gari hushika kidude chenye betri ya volti 7.2, akachomeka waya na kubonyeza kitufe. Kidude hicho huzungusha injini na kupasha plagi moto kwa wakati mmoja. Zipo pia stata za mkononi zenye mota yake, ambazo ncha yake huingizwa nyuma ya injini.

Mfumo huu humfaa asiye na nguvu nyingi mikononi. Lakini betri ikiisha, safari imeishia hapo. Aidha, giya zake huweza kulika iwapo injini iliyojaa mafuta italazimishwa kuzunguka.

Ya tatu ni kisanduku cha stata. Hiki hukaa chini, kikiwa na mota yenye nguvu na gurudumu la mpira. Gari huwekwa juu yake na kukandamizwa kidogo hadi gurudumu hilo liguse flaiwili kupitia tundu lililo chini ya fremu. Kisanduku hutumia betri ya volti 12, au mbili za volti 7.2 zilizounganishwa.

Washindani hupendelea njia hii. Injini haibebi kamba wala giya za ziada, hivyo huwa nyepesi na yenye sehemu chache za kuharibika. Tena kisanduku huimudu hata injini kubwa ya sentimita 3.5 za ujazo ambayo ingali mpya na inayobana. Ubaya wake ni gharama na uzito. Isitoshe, gari likizimika mbali sharti lifuatwe na kurudishwa kilipo kisanduku.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa kuchagua ni lazima. Anayeanza, mwenye gari moja dogo na subira ya kujifunza, kamba itamtosha. Anayetaka wepesi, au atakayecheza na kijana wake, atafute ya umeme na betri ya akiba. Anayekusudia kushindana, au mwenye magari kadhaa, kisanduku kitamrudishia gharama yake.

Kabla ya kuilaumu stata yoyote, plagi ikaguliwe. Ifunguliwe, ipashwe moto, na waya wake utazamwe kama unang'aa. Vilevile, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa pwani itaingiza mafuta mengi mno kuliko hewa iliyopo, na injini itakuwa ngumu kuwaka. Skrubu ya mafuta hukazwa kidogo kidogo, kwa kuwa ikizidi injini hupata joto na kuharibika.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni methanoli, sumu ile ile iliyowaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000 ilipopatikana katika pombe haramu. Kiasi kidogo tu chaweza kupofusha au kuua. Kwa hivyo, mafuta yasimiminwe katika chupa ya soda wala ya maji. Yabaki katika mkebe wake na kufungiwa mbali na watoto. Moto wa methanoli pia hauonekani vyema mchana, hivyo mafuta yaliyomwagika yapanguswe kabla ya plagi kupashwa moto. Tena jamaa wa ng'ambo asiyatie mkobani, kwani hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege.

Nyumba isiyoweza kuyazingatia hayo, hasa yenye watoto wadogo, heri inunue gari la betri. Hilo halihitaji stata wala halina sumu hiyo.