Sumu ya Bondeni na Maji ya Kisimani

Wali ndio chakula chetu cha kila siku, na kila pishi ya mpunga inayovunwa hapa Visiwani hutupunguzia mzigo wa kuagiza mchele kutoka ng'ambo. Kwa hiyo hatuna ugomvi hata kidogo na juhudi za kuongeza mavuno katika mabonde ya Bumbwisudi, Cheju na yale ya Pemba. Tunalouliza ni moja tu: dawa zinazonyunyizwa katika mabonde hayo huishia wapi?

Jawabu limo chini ya nyayo zetu. Visiwa vyetu havina mito mikubwa wala maziwa. Maji tunayokunywa, mjini na shamba, karibu yote hutoka ardhini, katika visima, chemchem na mapango. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu, ambayo hupitisha maji upesi kabla hayajachujika. Na jaruba la mpunga si konde la muhogo. Hufurikishwa maji, na maji hayo baadaye ama huteremka mferejini ama huzama ardhini, yakichukua sehemu ya dawa iliyonyunyizwa. Ziko pia dawa zinazoshikamana na udongo na kubaki humo kwa miaka.

Ndugu zetu wa Bara wamekwisha kupata funzo chungu. Mwaka 1986 Ugiriki ilitoa msaada wa takriban tani 170 za dawa za kuulia wadudu, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake. Ziliwekwa katika banda huko Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda likaporomoka, dawa zikazama ardhini, na wataalamu waliopima miaka ya baadaye walizikuta katika udongo na maji ya hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse sumu.

Atatokea wa kusema kwamba bila ya dawa nyingi hapana mpunga. Huyo na aitazame Indonesia, nchi ya visiwa na ya wala wali kama sisi. Serikali ya huko ilikuwa ikilipa sehemu kubwa ya bei ya dawa, na wakulima wakanyunyiza kwa wingi. Dawa zikawaua buibui na wadudu wengine ambao chakula chao ni wadudu waharibifu, na yule mdudu wa kahawia afyonzaye mpunga akazidi kuenea badala ya kupungua. Novemba 1986 Rais Soeharto alipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga, na kufikia mwaka 1989 ruzuku ya dawa ilikuwa imeondolewa. Wakulima wakafundishwa, majarubani mwao wenyewe, kuchunguza wadudu kwanza kabla ya kushika bomba. Nchi haikufa njaa.

Basi hapana budi hatua zichukuliwe mapema. Tunaiomba Wizara ya Kilimo isimamie kwa ukali uuzaji wa dawa, na iwapeleke mabwana shamba mabondeni kabla ya msimu, si baada ya wadudu kuingia. Tunaiomba Mamlaka ya Maji ivipime visima vilivyo karibu na mabonde ya mpunga kila mwaka, na matokeo yasomwe mbele ya wananchi katika shehia zao, yakiwa mazuri au mabaya. Nao wakulima tunawasihi wasisuuze mabomba mferejini, wala wasitie maji ya kunywa katika vibuyu na chupa zilizokuwa na dawa.

Gharama ya kupima kisima si ndogo, lakini gharama ya kukifunga ni kubwa zaidi, kwani kijiji hakihami kwa siku moja. Mwananchi anayehimizwa kulima mpunga zaidi ana haki ya kuwa na hakika na maji atakayoupikia.